UPELE SI UCHAFU, WALA HAUTIBIWI KWA MTU MMOJA



Wapo watakaokiona kichwa cha makala haya wakasema kwamba karatasi yetu imeishiwa na maneno. "Siasa imekwisha hata wanaandika khabari za upele?" Na waseme. Sisi twajibu kwamba jambo linalowakosesha watoto wetu usingizi usiku, likawatoa skuli mchana, na likawafanya mama zao wainamishe nyuso mbele za watu, ni jambo kubwa la kutosha kuandikwa katika karatasi ya wananchi. Asiyetaka kulisikia, hapana shaka hajawahi kukesha na mtoto anayejikuna.

Sababu ya kushika kalamu ni hii. Siku chache zilizopita, wazazi wa mtaa wetu tuliitwa mkutanoni, pakazungumzwa khabari za watoto walioonekana wana upele. Akainuka bwana mmoja mwenye cheo. Jina lake hatulitaji, kwani hatugombani na mtu, twagombana na neno. Alisema kwamba upele ni maradhi ya wachafu. Kwamba lau wazazi wa mtaa ule wangelijua kununua sabuni, skuli isingelifikwa na balaa lile. Na kwamba kila mtoto mwenye upele arejee kwao mpaka apoe. Akaketi. Watu wakanyamaza. Akina mama waliokaa safu ya mbele wakavuta kanga zao usoni. Mmoja wao twamjua vyema, kwani ni mteja wetu: hazipiti siku tatu ila huja dukani kununua sabuni ya mche, na nguo za wanawe zianikwapo uani huwa nyeupe kuliko kanzu zetu sisi. Huyo ndiye aliyeambiwa kwamba ni mchafu.

Nasi hatukusema kitu. Tulikaa kimya pamoja na wenzetu. Aibu ya kimya kile ndiyo tunayoilipa leo kwa wino.

KWANZA: UPELE NI NINI?

Upele si uchafu, wala si damu mbaya, wala si kula maembe mengi, wala si hasadi ya jirani. Upele ni kidudu. Kidudu chenyewe ni wa ukoo mmoja na utitiri wa kuku na kupe wa ng'ombe. Kina miguu minane, na ukubwa wake ni kiasi cha theluthi moja ya milimita, hata jicho zima huwa taabu kukiona. Jike lake hutoboa ngozi ya juu, likachimba njia ndani yake mfano wa mchwa ndani ya boriti. Humo hutaga mayai mawili au matatu kila siku. Mayai huanguliwa baada ya siku tatu au nne, na vitoto vyake huwa vidudu vizima katika muda wa wiki mbili hivi. Jike huishi mwezi mmoja mpaka miwili, na muda wote huo kazi yake ni kuchimba na kutaga.

Hupenda pahala penye ngozi laini: baina ya vidole, vifundo vya mikono, viwiko, makwapa, kitovu, kiuno, matako, matiti ya wanawake na tupu za wanaume. Kwa watoto wachanga huenea hata viganja, nyayo, uso na kichwa. Muwasho ni vita vya mwili wenyewe, unaokataa kidudu, mayai yake na kinyesi chake. Nao huzidi usiku.

Sasa twamuuliza yule bwana: sabuni itafika wapi? Mtu wa kawaida mwenye upele huwa na vidudu kumi mpaka kumi na tano tu mwili mzima, na vyote vimo ndani ya ngozi. Maji hupita juu yao kama mvua ipitavyo juu ya bati. Mtu anaweza kuoga asubuhi na jioni, akatawadha mara tano kwa siku, na kidudu kikabaki chumbani mwake kikitaga mayai. Hatusemi kwamba usafi hauna kazi. Kucha fupi na maji ya sabuni huzuia mikwaruzo isigeuke vidonda. Lakini kumwambia mwenye upele "kaoge" ni sawa na kumwambia mwenye mchwa nyumbani "fagia".

Wala ilimu hii si ya jana. Waganga wa Kiarabu, miongoni mwao Ibn Zuhr wa Andalusia aliyefariki mwaka 1162, walikwisha kuandika juu ya kidudu kidogo kitokacho katika ngozi. Mwaka 1687, Mtaliana Giovan Cosimo Bonomo, kwa kusaidiana na Diacinto Cestoni, muuza dawa wa mji wa Livorno, alikitoa kidudu, akakitazama kwa kioo cha kukuzia, akaeleza kwa barua kwamba hiki ndicho kisababishacho upele. Waganga wakubwa wa Ulaya wakakataa kuwasikiliza kwa zaidi ya miaka mia, wakashikilia kwamba upele ni uchafu wa damu. Basi bwana wetu anao wenziwe. Tafauti ni kwamba wale walikuwa na udhuru wa kuishi zamani.

PILI: HUAMBUKIZA VIPI?

Huambukiza kwa ngozi kugusana na ngozi, na kwa muda, aghlabu robo saa au zaidi. Salamu ya mkono ya haraka mbele ya msikiti haitoshi. Kinachotosha ni kulala kitanda kimoja, mama kumpakata mwanawe, mume na mkewe, ndugu watatu chini ya shuka moja, watoto wa chuoni waliobanana mkekani mikono na miguu ikigusana tangu alasiri mpaka magharibi. Kidudu hakiruki, hakibebwi na upepo, wala hakitoki kwa paka na mbuzi. Wanyama wana upele wao, na vidudu vyao vikimpanda mtu humwasha siku chache kisha vikafa.

Juu ya nguo na matandiko liko jambo ambalo kila mwanachama inampasa alijue. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, upele ulienea sana Uingereza, na wakubwa wa huko waliamini kwamba unaletwa na mablanketi. Wakawa wanayatia katika matanuri ya mvuke, kazi kubwa na gharama kubwa. Tangu mwaka 1941, katika mji wa Sheffield, mtaalamu aitwaye Kenneth Mellanby alikusanya watu waliojitolea, waliokataa kupigana vita kwa ajili ya dhamiri zao. Akawavisha nguo za ndani zilizovuliwa na wagonjwa na kuwalaza katika mablanketi ya wagonjwa bila ya kuyafua. Karibu wote hawakupata kitu. Lakini alipowalaza kitanda kimoja na wagonjwa, miili ikagusana, upele ukaingia. Basi ilibainika kwamba blanketi lilikuwa likisingiziwa.

Kidudu kikitoka katika mwili wa mtu hufa baada ya siku mbili au tatu. Iko namna moja tu ya upele iliyo mbali na kanuni hii, nao ni upele wa magamba, unaowapata khasa wazee na watu ambao nguvu za miili yao zimedhoofishwa na maradhi mengine. Mgonjwa wa namna hii huwa na vidudu maelfu kwa maelfu, pengine malaki, na nguo zake, kiti chake na kitanda chake vyote huambukiza. Huyu asifichwe chumba cha nyuma. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa tufike penye kiini cha ugomvi wetu. Mtu akipata upele kwa mara ya kwanza hajikuni kesho yake. Hukaa wiki nne mpaka sita bila ya kuhisi lolote, na muda wote huo anaambukiza. Zingatia maneno haya, ewe msomaji, halafu pima amri ya kumfukuza mtoto skuli. Mtoto anayejikuna leo amekwisha kukaa na wenziwe mwezi mzima. Aliyempa yupo bado darasani, na aliowapa wapo bado darasani, wote ngozi zao safi na vidudu vimo ndani. Umemtoa mmoja, umewaacha kumi. Na huyo uliyemtoa umempeleka wapi? Umemrejesha katika chumba kimoja na ndugu zake wanne, kitanda kimoja, bila ya dawa. Hukuuzuia upele, bwana mkubwa. Umeupangia nyumba.

Na tukiulizwa, "Mbona basi upele umejaa mitaa ya maskini?", twajibu bila ya kuona haya: kwa sababu maskini wanalala wamebanana. Kosa ni la vyumba, si la sabuni. Nyumba ya chumba na ukumbi yenye watu tisa hufanya kazi ya kidudu kuwa nyepesi, hata ikifagiliwa mara saba kwa siku. Pahala popote watu wabananapo, upele huingia: jela, mabweni, kambi za wakimbizi, nyumba za kutunzia wazee za Ulaya. Na je, wanafunzi wa vyuo vikuu vya Uholanzi, ambao upele umezidi baina yao katika miaka hii ya karibuni, nao pia hawana pesa za sabuni?

TATU: MADHARA YAKE

Watu husema, "Upele hauui." Neno hili ni la khatari kuliko upele wenyewe. Ngozi iliyokwaruzwa ni mlango uliovunjwa. Huingia vijidudu vingine, vya usaha, na palipokuwa na kipele huwa kidonda. Baadhi ya vijidudu vya usaha huleta madhara yafikayo kwenye figo. Wiki chache baadaye mtoto huamka uso umemvimba, miguu imemvimba, na mkojo wake una rangi ya chai ya rangi. Tena wataalamu wanadhani kwamba vidonda hivi vina sehemu yake katika maradhi ya moyo yanayoanza utotoni.

Sisi tumekwisha kumwona mtoto mmoja wa jirani namna hiyo. Mama yake alidhani amerogwa, kwani alilala mzima akaamka macho hayafunguki kwa uvimbe. Wiki zilizotangulia alikuwa na vidonda vya upele mikononi na matakoni, na kila mtu alimwambia mama, "Vitakauka." Alhamdulillahi, alifikishwa hospitali mapema, akapoa. Lakini siku zile mama yake alipokuwa akikaa naye wodini, hapana aliyemwambia tena kwamba upele hauui.

NNE: DAWA, NA KOSA LETU SISI

Hapa inatubidi tukiri. Miaka mingi katika duka letu tumekuwa tukiuza dawa ya upele, ile nyeupe mfano wa maziwa iitwayo benzili benzoeti, na kibiriti upele cha kuchanganya na mafuta. Alikuwa akija mama, huuliza, "Bei gani chupa?" Tukamtajia. "Basi nipe moja, wa kwangu mmoja tu ndiye anayejikuna." Nasi tukimpa moja, tukatia pesa mtoni. Nyumba ya watu tisa, chupa moja! Baada ya mwezi hurudi: "Dawa yako haifai, mtoto anajikuna tena." Sisi tukamwuzia nyingine. Hatukuwa tukiuza dawa, tulikuwa tukiuza upele kwa chupa. Tuliyatenda kwa kutojua, lakini faida tuliila kwa kujua. Leo tumebandika karatasi mlangoni mwa duka: ANAYETAKA DAWA YA UPELE ATUHESABIE KWANZA WATU WA NYUMBA YAKE. Na asiye na pesa za wote tunamwandika katika daftari, alipe kidogo kidogo, kwani deni la watu tisa ni dogo kuliko dawa ya mtu mmoja isiyokwisha.

Basi sikilizeni kanuni za dawa, na anayejua kusoma amsomee asiyejua:

1. Nyumba nzima hutibiwa siku moja, anayejikuna na asiyejikuna, pamoja na mgeni alalaye na mtumishi. Anayeachwa ndiye atakayewarudishia wote.

2. Krimu ya permethrini ya asilimia 5 hupakwa usiku, mwili mzima, toka shingoni mpaka vidole vya miguu, pamoja na chini ya kucha, baina ya vidole, kitovuni na sehemu za siri. Isipakwe penye vipele tu! Watoto wadogo na wazee hupakwa na kichwa pia, machoni na kinywani pasiguswe. Ikae saa nane mpaka kumi na nne, kisha mtu aoge. Akinawa mikono, aipake tena mikono. Baada ya wiki moja hurejewa, kwa sababu ya mayai.

3. Benzili benzoeti nayo ni dawa nzuri, ingawa huchoma ngozi. Kwa watoto huongezwa maji. Kipimo chake aulizwe mganga wa kituo au muuza dawa aliyesomea.

4. Marhamu ya kibiriti upele, asilimia 5 mpaka 10, hunuka na hutia rangi nguo, lakini haina khatari kwa wachanga na wajawazito.

5. Vidonge vya ivermektini humezwa mara mbili, baina yake wiki moja au mbili. Mjamzito asipewe, wala mtoto aliye chini ya kilo 15. Mtu asijipimie mwenyewe.

6. Siku ya dawa, nguo na mashuka yaliyotumika siku tatu zilizopita yafuliwe kwa maji ya moto na yaanikwe juani, au yafungwe katika mfuko siku tatu au zaidi. Hakuna haja ya kuchoma magodoro wala kutupa mikeka.

7. Muwasho huendelea wiki mbili mpaka nne hata vidudu vikiwa vimekwisha kufa. Mtu asipake dawa kila siku kwa papara, akajiunguza ngozi. Ukipita mwezi bado anawashwa, arudi kwa mganga.

8. Mtoto aliyekwisha kupakwa dawa ya kwanza anaweza kurudi skuli na chuoni kesho yake. Hapana hoja ya kumweka nyumbani mpaka vipele vikauke.

Na tuliyoyaona watu wakijipaka, tunayakataza kwa nguvu zetu zote: mafuta ya taa, maji ya betri, dawa za kuoshea ng'ombe kupe, na sumu za kunyunyizia mashamba. Ngozi ya mtoto hunywa sumu. Kadhalika zile krimu za kutuliza muwasho na kung'arisha uso, ambazo maduka mengi huuza bila ya kuuliza. Hutuliza muwasho, ndiyo, lakini kidudu hushukuru, kikaendelea kuzaa kwa raha, na upele hubadilika sura hata mganga asiujue. Duka letu haziuzwi tena.

TANO: WAJIBU WA WATAWALA

Tumewaambia wananchi wajibu wao. Sasa na watawala wasikilize wao. Kwani nyumba moja ikitibiwa na ya jirani isitibiwe, watoto wakakutana chuoni, upele hurejea. Kidole kimoja hakivunji chawa. Yako maradhi ambayo hayaondolewi ila kwa mtaa mzima kunywa dawa siku moja, na hili ni mojawapo.

Wala haya si maneno ya ndotoni. Katika visiwa vya Fiji, kuanzia mwaka 2012, wataalamu walilinganisha jamii za visiwa. Pahala pamoja waliwatibu wagonjwa na watu wao wa karibu tu, kama desturi; pahala pengine waliwapa watu wote permethrini; na pahala pa tatu waliwapa watu wote ivermektini. Baada ya mwaka mmoja, walipopewa wote ivermektini, upele ulishuka kutoka watu 32 katika kila 100 mpaka chini ya wawili. Walipotibiwa wagonjwa na jamaa zao tu, walibaki karibu 19 katika kila 100. Hesabu hizi zilichapishwa mwaka 2015, na anayejua kusoma anaweza kuzisoma.

Lakini kwa nini twende Fiji? Hapa kwetu, Unguja na Pemba, tangu mwaka 2001, watu walipewa vidonge vya ivermektini na albendazoli nchi nzima kwa ajili ya matende na mabusha. Wengi wetu tunakumbuka: tulisimama tukapimwa kimo kwa ufito, tukameza vidonge mbele ya mgawaji, tukapewa maji. Dawa ilikusudiwa matende. Lakini wataalamu walipokuja kupitia madaftari ya vituo vya afya vya visiwa vyote viwili, utafiti wao ukachapishwa mwaka 2012, waliona kwamba wagonjwa wa upele nao walipungua kwa zaidi ya nusu, na pahala pengine karibu walikwisha. Upele uliondoka bila ya hata kukusudiwa! Tuliutoa nje kwa bahati, kama mtu afukuzaye paka na panya akatoka pia.

Hoja yetu basi ni nyepesi. Jambo lililowezekana kwa bahati litashindikanaje kwa makusudi? Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele katika orodha ya maradhi yaliyopuuzwa mwaka 2017, likahesabu kwamba duniani wanaougua wakati mmoja ni zaidi ya watu milioni 200. Mwaka 2019 likaitia ivermektini ya upele katika orodha ya dawa za lazima. Wataalamu wake wakashauri kwamba pahala penye wagonjwa kumi au zaidi katika kila watu mia, wapewe dawa watu wote. Twataka wahesabiwe, shehia kwa shehia, skuli kwa skuli, chuo kwa chuo. Ikiwa wamefika kumi katika mia, igawiwe dawa bure kwa wote siku moja, na irudiwe baada ya wiki. Ikiwa hawakufika, basi kituo cha afya kimpe mzazi dawa ya nyumba nzima, si chupa moja kwa mtoto mmoja kama tulivyopewa sisi. Hatuombi sadaka. Twadai hesabu.

SITA: KWA WENZETU WENYE KUSEMA "NI MAJAALIWA"

Wako pia miongoni mwetu, na tena ni watu wa dini, wasemao kwamba hakuna maradhi ya kuambukizana, kila kitu ni kadari, kwa hivyo kujitenga na dawa ni upungufu wa imani. Nao hutoa hoja ya yule Bedui aliyemwuliza Mtume, Sala na Salamu zimshukie, khabari za ngamia wazima wakichanganywa na mwenye upele wote wakapata, naye akaulizwa ni nani basi aliyemwambukiza wa kwanza. Sisi tulisoma chuoni kama wao. Lakini wameshika nusu ya khabari. Katika Hadithi hizo hizo yamo makatazo ya mwenye wanyama wagonjwa kuwapeleka penye wazima. Kadari ni ya Mwenyezi Mungu, na kuwatenga ngamia ni kazi ya mchungaji. Na imepokewa pia kwamba Masahaba wawili wakubwa, Zubeir na Abdulrahman bin Auf, walishikwa na muwasho wa mwili, wakaruhusiwa kuvaa hariri. Hawakuambiwa kwamba ni wachafu. Walitafutiwa nafuu. Huo ndio mwendo.

MWISHO: KIDUDU HAKIULIZI KADI

Wazee wetu hutukhadithia kwamba baada ya uchaguzi wa mwaka 1957 watu wa visiwa hivi walisusiana maduka, wakasusiana mabasi, wakafika kususiana hata mazishi. Twajua kwamba hata leo yupo mwanachama wetu ambaye mwanawe hachezi na mtoto wa jirani kwa sababu ya bendera iliyo juu ya nyumba. Basi na tumwambie wazi: watoto wanacheza. Mkiwakataza mbele yenu, watakutana nyuma ya nyumba. Na kidudu kikitoka mkono huu kwenda mkono ule hakiulizi kadi.

Kwa hivyo matawi yetu yanatakiwa yafanye hivi. Kila tawi lichague siku moja, nyumba zote zijue. Vijana wapite mlango kwa mlango waandike idadi ya watu, wala wasiulize ni wa chama gani; na nyumba ya mpinzani wetu ikiwa haina uwezo, inunuliwe dawa kwa mchango ule ule. Tusipofanya hivyo kwa wema, tufanye kwa akili, kwani nyumba moja iliyoachwa kwa chuki itaurudisha upele katika nyumba kumi zilizotibiwa kwa mapenzi. Waalimu wa vyuo wapangiwe kuwatazama watoto vidole mara moja kwa wiki, kwa upole, faraghani, bila ya kumtia mtoto aibu mbele ya wenziwe. Akina mama waambiwe kwamba hawakukosa kitu.

Na kwa yule bwana wa mkutanoni, tuna neno moja la kumalizia. Wahenga walisema upele humwota asiye na kucha. Wewe kucha unazo: cheo unacho, kalamu unayo, na mlango wa ghala la dawa unaujua. Tukikutana tena mkutanoni, usituulize kama tumenunua sabuni. Tutakuuliza sisi umefanya nini. Na safari hiyo hatutanyamaza.